D4 Yangu, Darasa Langu

Siku ya kwanza, Jumatatu 3 Februari

Mvua tangu alfajiri. Watoto sitini na wawili kwenye orodha, hamsini na wanne wamefika, wote wamelowa. Leo herufi t. Taa, tatu, tata. Irabu kwa chaki nyekundu, konsonanti kwa nyeupe, kama kawaida yangu. Benita amelala juu ya dawati. Nimemwacha, mvua inabembeleza.

Saa nne Direkta ameniita ofisini. Nilimkuta anasugua miwani, nikajua kuna neno. Wasimamizi wa shule zetu wameamua: kuanzia Septemba hakuna mtu kusimama darasani bila D6. Yaani diplome ya serikali, miaka sita ya sekondari. Mimi nina D4. Miaka minne, basi. Baba aliachishwa kazi ya reli, karo ikakatika, nikaingia kufundisha. Ni miaka thelathini sasa, yote darasa la kwanza A.

Direkta anasema njia ni moja: nifanye mtihani wa serikali mwaka huu, kama mtu aliyejisomea mwenyewe. Nikishinda, nabaki. Nikishindwa, narudishwa nyumbani kungoja, na darasa langu pamoja na nafasi yangu ya mshahara vinakwenda kwa Trezor, mwalimu wa darasa la nne.

Nimekasirika. Nimerudi nikaandika t kubwa ubaoni mpaka chaki ikavunjika. Watoto wamepiga makofi, wamedhani ni sehemu ya somo.

Siku ya ine, Alhamisi 6 Februari

Nimejiandikisha. Karani hakuinua hata kichwa. Akauliza, mtoto wako anaitwa nani? Nikamwambia mtoto mwenyewe ndiye mimi. Hapo akainua kichwa.

Kabange Filomena, miaka arobaini na tisa. Mtahiniwa! Nimecheka peke yangu barabarani kutoka pale mpaka kwetu Katuba.

Kuhusu Trezor. Ana miaka ishirini na sita, shati moja jeupe analolifua kila siku. Ukuta mmoja tu unatutenganisha, namsikia akifundisha. Anafundisha vizuri, nikubali nisikubali. D6 anayo, na mwaka mmoja wa chuo pale Kasapa juu yake. Lakini ni mwaka wa tatu anafundisha bila mshahara, kwa sababu jina lake halijaingia kwenye orodha ya serikali. Hana matricule, ile namba ya kulipwa. Watu wa namna yake wanaitwa "wapya". Wengine wamepata mvi na bado ni wapya. Anaishi kwa kuuza vocha za simu.

Kwa hiyo yeye ana karatasi hana mshahara, mimi nina mshahara sina karatasi. Mtu angetushona pamoja tungetoka mwalimu mmoja mzima.

Na Babu je? Babu alikuwa mwalimu wa misheni kule kaskazini, enzi za Wabelgiji. Alilipwa chumvi na kitambaa. Diplome yake ninayo ndani ya Biblia, kipande cha karatasi alichoandikiwa na padri: "Mtu huyu anajua kusoma, anajua kuhesabu, hanywi sana." Hilo "sana" limechekesha ukoo wetu mzima mpaka leo. Kwa karatasi hiyo alifundisha mpaka meno yakamtoka.

Siku ya tano, 14 Februari

Ajabu. Baada ya masomo Trezor amesimama mlangoni kwangu, daftari mkononi. "Maman, hesabu njo itakusumbua. Tuikale kila siku kisha masomo, miye nitakusaidia."

Nimemtazama. Huyu ndiye atakayepata kila kitu nikianguka. Nikamuuliza wazi, weye unapata nini? Akasema atapata mazoezi. Sijui. Lakini hesabu kweli inanisumbua, kwa hiyo tumekaa.

Mume wangu, Baba Kyungu, amepiga simu kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lori lake liko kwenye foleni siku ya nne. Mbele yake lori, nyuma yake lori. Anasema nimsomee masomo kwa simu, angalau na yeye atoke na kitu kwenye hiyo foleni. Nimemsomea kanuni ya eneo la duara. Akasema, rudia. Nikarudia. Sasa dereva mwenzake naye anaijua.

Siku ya mbili, 25 Februari

Hesabu: nimepata nne kwa kumi. Trezor ameandika pembeni "Courage, maman!" kwa kalamu nyekundu. Mimi huwa nawachorea watoto ua. Nimemwambia nataka ua. Amechora. Baya kama nini, lakini ua.

Amenisimulia siku yake ya matokeo. Hapa kwetu mtu akishinda mtihani wa serikali anamwagiwa poda kichwani, anazungushwa mtaa mzima akiwa mweupe kama ametoka kinuni. Kwao hapakuwa na hela ya poda. Baba yake akachukua unga wa bukari, ugali wetu, akammwagia konzi moja. Mama yake akapiga kelele, akamkung'uta shati juu ya sahani, na ule unga wakaula jioni. Amesimulia akicheka mpaka machozi. Nami nimecheka. Halafu sikucheka tena, maana siku kubwa ya mtu isiliwe pamoja na sombe, kisamvu cha jioni.

Siku ya posho, Jumamosi 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Wenzangu wote wa shule wamevaa liputa jipya la mwaka, kitenge cha sikukuu, wanacheza mjini. Mimi na fizikia.

Nimecheza kidogo jikoni, mwenyewe.

Siku ya tatu, 19 Machi

Nimeona kitu, sikukipenda.

Nilisahau miwani, nikarudi darasani baada ya watoto kuondoka. Trezor alikuwa mle ndani. Darasani kwangu! Amechuchumaa chini ya ubao, ana kifutio changu, kile kipande cha godoro, na kopo la maziwa ya unga. Aliponiona akaficha kopo nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

Nikamuuliza anafanya nini. "Nahesabu bintu ya darasa, maman."

Anahesabu vitu vya darasa. Vya darasa langu. Septemba haijafika, bado naishi, na mtu ameshaanza kupima dirisha la kuweka pazia lake.

Nimechukua miwani nikatoka. Sikumwambia kwaheri.

Siku ya ine, 20 Machi

Sikwenda kwenye masomo yake. Nimemwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kikiniuma.

Siku ya tano, 28 Machi

Wiki nzima najisomea peke yangu. Hesabu haisogei. Nimemwona tena kupitia dirisha, anagonga kifutio polepole, shingo kando, sijui anasikiliza nini. Mara hii nimemfokea uani, mbele ya Direkta na mbele ya Mama Feza anayeuza unga getini. Nimemwambia kama ana haraka na nafasi yangu aje aikalie kesho, na mimi aniletee vocha zake nikauze.

Macho yamemjaa maji, mwanaume mzima. Akasema, "Maman, fanya tu mutihani. Kisha utanitukana muzuri."

Hasira yangu imebaki haina pa kukaa. Nimelala nayo.

Siku ya tatu, 2 Aprili

Baba Kyungu amerudi na kilo tano za sukari ya Zambia. Nimemsimulia yote. Amesikiliza mpaka mwisho halafu akauliza jambo moja: nani mwingine anajua ile hesabu?

Hakuna mwingine.

Kesho nitakwenda kuomba radhi. Nusu radhi. Bado simwamini.

Siku ya ine, 3 Aprili

Nimempelekea Trezor sukari kilo moja. Ameshika kile kifurushi kama cheti. Tumeanza tena, mizizi ya pili ya namba. Sikuuliza habari ya kopo, naye hakusema.

Saba kwa kumi.

Siku ya mbili, 6 Mei

Baridi imeanza. Leo tumepiga kura ya somo la mazoezi. Kila anayetafuta diplome ya ualimu lazima afundishe mbele ya wakaguzi watatu, kwenye shule ngeni, kwa watoto asiowajua. Nimeingiza mkono kwenye kikapu nikiomba: Bwana, darasa la kwanza. Herufi yoyote. Nipe hata x.

Darasa la sita. Ujazo wa silinda. Kesho saa mbili.

Sijawahi kufundisha darasa la sita hata dakika moja. Wana ndevu wale! Nimekaa kwenye ngazi za ile shule. Halafu nikaenda moja kwa moja kwa Trezor. Hakusema pole. Alisema tu, "Silinda iko wapi mu maisha yako, maman?" Tukatazamana. Wote wawili tukageuka kutazama getini, kwa Mama Feza.

Siku ya tatu, 7 Mei

Naandika haraka kabla sijasahau hata neno moja!

Makopo mawili ya kupimia unga. La kwanza zima. La pili la Mama Feza, lile lililopigwa nyundo kitako kikaingia ndani. Kila mama wa soko analo, kila mteja anajua, hakuna anayesema. Amenikopesha baada ya kuniapisha kwamba sitamtaja jina.

Darasa geni. Watoto arobaini wananitazama kama bibi aliyepotea njia. Wakaguzi watatu nyuma, kalamu tayari. Nikajaza mchanga kopo zima. Nikaumimina kwenye kopo la pili. Mchanga ukamwagika mezani, lundo zima. Nikanyamaza. Kimya changu cha darasa la kwanza, kile kinachofanya kazi siku zote.

Msichana mmoja akasimama: "Aba! Njo vile banatuibiaka!"

Basi, darasa likawaka. Kila mmoja ana shangazi, kila mmoja ana kopo nyumbani. Nikawaacha wapige kelele, halafu nikauliza: wametuibia kiasi gani? Hapo ndipo kitako kikawa duara, duara likawa eneo, eneo likapandishwa juu kwa kimo, na kanuni ikatoka midomoni mwao wenyewe kabla sijaiandika. Nilipaswa kusema Kifaransa mwanzo mpaka mwisho. Kiswahili kilinitoroka mara tatu au nne, niliona kalamu zikiandika.

Mwishoni mkaguzi mkubwa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, ameomba kushika lile kopo. Akatia kidole kwenye kitako, akapima. Akasema taratibu, kwa Kiswahili na yeye: "Miaka yote hii, hata miye."

Nimerudi nyumbani nikiimba. Hata konda wa teksi ameniuliza kama ni harusi.

Siku ya kwanza, 16 Juni

Siku ya kwanza ya mitihani yenyewe. Nimefanya ujinga ambao hata maadui zangu wasingeufikiria.

Nimefika mapema, sweta, miwani, liputa la kazi. Wanafunzi wote wamevaa nyeupe na buluu. Polisi wa getini ameniona, akanyoosha mgongo. "Mama, basurveillants iko banakutana kule." Hilo neno la wasimamizi limenipita sikio, nikadhani ndiko tunakoandikishwa sisi wazee. Nikaingia. Nikapewa chai. Nikapewa mkate. Nikapewa karatasi nisaini, nikasaini, maana ukiwekewa karatasi kwa miaka thelathini mkono unasaini wenyewe. Halafu bwana mmoja akanipa orodha ya majina: "Salle ya ine, mama, anza kuita."

Ningesema nini? Miguu ilikwenda chumba cha nne. Wale vijana waliponiona mlangoni wakanyamaza wote, nami nikasikia raha. Nikamkemea mmoja aliyetafuna kitu. Nikaita. Ilunga. Yupo. Kabamba. Yupo. Nikafika namba kumi na saba, nikasoma kwa sauti kubwa na safi: Kabange Filomena.

Kimya.

Nikaita tena, nimekasirika kidogo na huyo mchelewaji. Halafu nikasikia nilichosema. Nikajibu: "Yupo!"

Darasa limeanguka kwa kicheko. Mimi nacheka, sijui nifiche uso wapi, na wakati huohuo msimamizi wa kweli amefika mlangoni na mdomo wazi. Wakamwita mkuu wa kituo. Nimesimama ukutani robo saa nzima wakijadiliana kama nimegusa bahasha ya maswali. Robo saa ile niliona darasa langu likiondoka. Niliona mwezi wa Februari na miezi yote imekwisha kwa kipande cha mkate. Bahasha ilikuwa bado imefungwa kwa nta. Mkuu wa kituo akaishika juu ya mwanga, akaigeuza, akanitazama, akasema: "Mama, ikala." Nikakaa. Namba kumi na saba.

Mkate wao ulikuwa mzuri lakini.

Siku ya ine, 19 Juni

Imekwisha. Kwenye hesabu ilikuwepo silinda. Nimelicheka lile swali usoni.

Siku ya yenga, Jumapili 6 Julai

Kungoja. Nimefua mapazia yote ya nyumba, halafu nimeyafua tena. Misa ya pili nimesali nisiwe na tamaa. Sikuweza, ninayo. Nalitaka darasa langu. Nalitaka na harufu yake.

Siku ya posho, 2 Agosti

Yametoka!

Asubuhi mtaa umeanza kulia na kucheka, huku poda, kule vilio. Simu yangu ilikuwa mkononi tangu jana. Ujumbe ulipoingia sikuweza kuusoma, nimempa jirani. Akasoma kimoyomoyo, pumbavu yule, kimoyomoyo! Halafu akapiga kigelegele.

Hamsini na nane kwa mia. Nimeshinda. NIMESHINDA.

Nimempigia Baba Kyungu, yuko wapi, Kasumbalesa, kwenye foleni. Nikasikia honi moja. Halafu ya pili. Halafu foleni nzima ya malori inapiga honi, nafikiri mpaka Zambia wamejua kwamba Filomena ana D6.

Nikatoka nje nisijue nifanye nini na mikono yangu. Poda sina, sikununua, niliogopa kujitia mkosi. Hapo nikamwona Trezor anakuja mbio kutoka kona, shati jeupe, watoto wa darasa langu nusu mtaa nyuma yake, Benita mbele. Kwapani ana kopo la maziwa ya unga.

Lile kopo.

Amefungua kifuniko, akalipindua lote juu ya kichwa changu.

Chaki. Vumbi la chaki, laini kama unga wa kwanza. Limeingia machoni, puani, shingoni mpaka ndani ya blauzi. Nilipofumbua macho nikaona mikono yangu, na haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya waridi. Nikaitazama, nikamtazama yeye.

"Njo ba-a na ba-e yako, maman. Nilianza mwezi ya pili. Poda, shikukuwa na hela yake."

Irabu zangu. Kila jioni, tangu Februari, amekung'uta kifutio changu. Tangu siku nilizokuwa sijui hata mzizi wa pili ni nini, huyu mtoto ambaye angepata mshahara nikianguka alikuwa anakusanya poda ya siku nitakayosimama. Na mimi nilimtukana mbele ya Mama Feza.

Nimelia. Nimemshika kichwa nikamsugua ile chaki usoni mpaka na yeye akawa wa waridi. Watoto wametuzungusha barabara zote mbili za mtaa. Mama Feza amemwaga na konzi ya unga, akapima kwa lile kopo lake, siwezi kusema ilikuwa konzi nzima.

Siku ya yenga, 3 Agosti

Nimeoga mara tatu. Masikioni bado ipo. Misani nimekohoa, padri ametabasamu.

Trezor amekula kwetu. Nimemuomba radhi, nzima safari hii. Akasema, "Lakini matusi ile ilikuwa ya muzuri, maman. Habari ya vocha!"

Siku ya kwanza, 1 Septemba

Joto linaanza. Sitini na watano mwaka huu. Wanalia, wanakojoa, mmoja amekimbilia getini mara mbili. Herufi a, nyekundu.

Ofisini Direkta amenipa kalamu nikajaze mwenyewe kwenye orodha ya walimu. Kabange Filomena. Matricule. Diplome: D6. Diplome yenyewe, ile ya karatasi ngumu, wanasema itafika baada ya miaka. Mshahara utapanda kidogo, utakapopanda. Nyumbani nimeweka ujumbe wa matokeo, umechapwa, ndani ya Biblia pamoja na karatasi ya Babu. Yangu haisemi kitu kuhusu kunywa.

Mstari chini ya jina langu ni Trezor. Diplome: D6. Matricule: wazi. Mwaka wa nne.

Siku ya tatu, 3 Septemba

Tumepeleka mjini faili la Trezor la kuomba matricule, yeye na mimi, baada ya masomo ya asubuhi. Tumepanga mstari kwa saa tatu nzima. Wamepokea, wamegonga muhuri, wamesema tungoje. Amefurahia muhuri.

Kopo nilibaki nalo tangu Agosti. Nimeliosha, nimelikausha juani, nimeliweka chini ya ubao upande wa dirisha. Tuliporudi, darasa likiwa tupu, nimechuchumaa, magoti yamelia, nikagonga kifutio ndani yake. Kidogo tu. Chaki haijafunika hata kitako.

Trezor amepita mlangoni na vocha zake. Ameuliza nafanya nini.

Nimemwambia nahesabu vitu vya darasa.